Maswali yenu: Bwawa la matete na maji ya mvua

Kila masika mtaro wetu unafurika. Tukijenga ardhioevu, yaani bwawa la matete, mafuriko yataisha? (Tabata)

Yatapungua, hayataisha. Kazi yake kubwa ni kusafisha maji. Kupunguza kasi yake ni faida ya pili. Pale mtaro unapoingilia, anzeni na shimo la kutulizia mchanga, na muache njia ya watu kuingia na makoleo, maana lisipozolewa litajaa upesi. Kisha maji yaingie kwenye eneo la kina kifupi, yasipite magoti, yatambae kati ya matete kwa saa 24 hivi. Humo tope laini linatua, bakteria walioshika kwenye mashina wanakula mafuta, na wale wa kwenye matope yasiyo na hewa wanavunja nitrati. Yakamateni hasa maji ya mwanzo wa mvua, yale meusi yaliyofagia oili na vumbi la breki barabarani. Mvua kubwa itengenezeeni njia ya pembeni, la sivyo itang'oa matete yote.

Mbu je? (Magomeni)

Nimeshalijibu hili mara nyingi. Mbu huzaliana kwenye maji yaliyotuama yasiyo na samaki: makopo, matairi, na huo mtaro mliouziba kwa taka. Acheni sehemu moja yenye kina isiyokauka kiangazi, mtie perege. Bwawa likitelekezwa, mbu watakuwepo, na lawama ni yenu.

Naweza kupanda magugumaji badala ya matete? (Mwanza)

Hapana. Ziwa mnaliona lilivyozibwa nayo.

Tulime mchicha humo humo? (Vingunguti)

Msithubutu. Risasi na kadimiamu, metali zenye sumu, haziozi, zinabaki kwenye tope na kupanda kwenye majani. Hata tope mnalozoa lisiende bustanini. Tayari tunakula mboga nyingi mno zilizomwagiliwa maji ya Mto Msimbazi.

Tukishakuwa na bwawa, si ruhusa kutapisha vyoo mvua ikinyesha? (Manzese)

Si ruhusa leo, wala siku hiyo. Kinyesi kinapita mlangoni kwa jirani na uani wanakocheza watoto kabla hakijafika kwenye tete hata moja. Kipindupindu tunakijua. Iteni gari la kunyonya, changeni fedha.

Nina kiwanja bondeni, kina matete ya asili. Nikifukie nijenge, halafu nichimbe bwawa dogo pembeni? (Kigogo)

Unataka kufukia bwawa unalopewa bure ili ulipie jingine dogo. Kampala walikuwa na Nakivubo, kinamasi kilichochuja maji ya jiji kabla hayajaingia Ghuba ya Murchison ya Ziwa Victoria, na maji ya kunywa yanachotwa Ggaba, ng'ambo kidogo tu. Wakalima magimbi, wakafukia, uwezo wa kuchuja ukashuka. Sisi Dar es Salaam, kwenye mafuriko ya Desemba 2011, tulizika watu zaidi ya 40, wengi wa mabondeni, na baadhi ya waliosalia wakahamishiwa Mabwepande, pembezoni mwa jiji. Sheria ya Mazingira ya 2004 inakataza shughuli za kudumu, au zinazoweza kuuharibu, ndani ya mita 60 kutoka ukingo wa mto. Chukua futi kamba, pima, kabla hujaagiza lori la kwanza la kifusi.