Matende ya Barbados hayamshangazi Mpemba

Msomaji mmoja wa Chake Chake ametuletea skripti ya sehemu ya kwanza ya tamthilia yake. Stelingi ni kijana mpelelezi: anamtazama mtu sekunde tano, kisha anamtajia kazi yake, ugomvi wake na mkewe na mahali alipolala jana. Anauliza kwa nini kila aliyeisoma anasema "nzuri" halafu ananyamaza.

Wananyamaza kwa sababu dalili zote zimeazimwa Ulaya. Majivu ya sigara, matope ya kiatuni, tiketi ya treni. Mtu wa Wete hana la kukisia pamoja na stelingi, na raha yote ya tamthilia hizi iko kwenye kukisia.

Sherlock Holmes, mpelelezi wa hadithini aliyetokea mara ya kwanza mwaka 1887, alichongwa kwa mfano wa Joseph Bell, daktari aliyemfundisha mtunzi wake, Arthur Conan Doyle, huko Edinburgh. Bell alimtazama mgonjwa mmoja akamwambia: ulikuwa askari, umeachishwa karibuni, na ulikuwa Barbados. Alijuaje? Mgonjwa alikuwa na adabu lakini hakuvua kofia, kama ilivyo desturi ya jeshini. Angekaa uraiani muda mrefu angeshazoea kuivua. Tena alikuwa na matende, maradhi ya visiwa vya Karibi kama Barbados, yasiyopatikana Uingereza.

Sasa ihamishie Pemba sini hiyo. Kofia hapa haivuliwi kwa kuamkiana, na matende watu wameyajua tangu enzi za mababu. Dalili mbili zote zimekufa. Kilichompa Bell nguvu si ukali wa macho peke yake. Alijua kipi ni cha kawaida pale alipo na kipi si cha kawaida. Usimwige majibu, mwige hilo.

Kwetu anza na bahari. Mshukiwa anasema: "Tarehe 8 ya mwezi mwandamo, saa 4 asubuhi, nilikuwa nafunga mwani." Mwani hufungwa maji yakitoka. Siku za bamvua, mwezi ukiandama au ukiwa mpevu, maji Unguja hutoka mbali sana mnamo saa 4 au saa 5 asubuhi. Kila siku husogea mbele kama dakika 50, kwa hiyo wiki moja baadaye yamesogea karibu saa sita nzima. Saa 4 aliyoitaja, maji yamejaa. Na hata yakitoka jioni ni maji mafu, hayaendi popote. Mama mkulima wa mwani wa Paje au Jambiani atampigia kelele mshukiwa kabla stelingi hajafumbua mdomo. Hiyo ndiyo sauti unayoitafuta sebuleni kwa watu.

Au hina. Kwenye ngozi hufifia kwa wiki mbili hivi, lakini kwenye kucha haitoki. Inasubiri kucha ikue, karibu milimita 3 kwa mwezi. (Piko, ile rangi nyeusi, ni habari nyingine, usivichanganye, wanawake watakucheka.) Msichana anaapa alipakwa juzi Ijumaa kwenye harusi ya shoga yake. Kidole chake kimeshika kikombe cha kahawa, kucha ni nyekundu iliyoiva, ila shinani pana ukanda mweupe, upana wa punje ya mchele. Hina hiyo ina umri wa mwezi.

Karafuu nazo: mbichi hukaa juani siku 4 au 5 ndipo ikauke. Ikikauka ukiikunja inavunjika, isipokauka inapinda. Aliyesema kachuma juzi, na gunia lake linavunjika kavu, kalitoa kwa nani?

Kuonesha dalili ndiko wengi wanakoharibu. Kidole chenye hina kionekane sini mbili kabla ya kuelezwa, sekunde 2 au 3, mtu akiwa anafanya jambo jingine, bila muziki. Ukisogeza kamera na kupiga ngoma, umeshasema. Papo hapo weka kitu chenye kelele zaidi: simu iite, mtoto aangushe sahani. Kisha isome skripti yako kinyumenyume; kila stelingi anapoulizwa "umejuaje?", tafuta sini mtazamaji alipokiona kitu hicho. Ukikosa, huyo si mpelelezi, ni mpiga ramli. Dalili tatu kwa sehemu moja zinatosha, na moja stelingi aisome vibaya. Hata daktari Gregory House, katika tamthilia ya Marekani iliyooneshwa 2004 hadi 2012, kwa kawaida hukosea mara kadhaa kabla ya kupata.

Na lile la stelingi kumtukana kila mtu kwa kuwa ana akili, liache. Si suala la maadili tu, hadithi yenyewe itakwama: kijana anayemkatiza mzee barazani haambiwi kitu tena mtaa mzima. Columbo, mpelelezi wa tamthilia ya Marekani aliyeigizwa na Peter Falk, ndiye aliye karibu na sisi. Muuaji tunamjua tangu mwanzo, mpelelezi ni mpole, koti limekunjamana, anaaga, anafika mlangoni, anarudi na kaswali kamoja. Basi wa kwako abishe hodi, atoe shikamoo, akubali kahawa mpaka kikombe cha pili. Swali lake alitupe ameinama mlangoni anatafuta viatu vyake, katikati ya viatu vya yule mgeni ambaye mwenye nyumba kasema hajafika.