Jibu: Ushuru wa machungwa ya Muheza kuja Malindi

Waalaikum salaam ndugu yangu. Umeuliza kwa nini udaiwe ushuru wa forodha mpakani Lunga Lunga kwa machungwa ya Muheza unayoleta soko la Malindi, ilhali Kenya na Tanzania ziko Jumuiya moja ya Afrika Mashariki. Kwanza angalia: ulikuwa na cheti rahisi cha uasili wa bidhaa, yaani karatasi ya kuonyesha kuwa mzigo umezalishwa ndani ya Jumuiya? Hapo ndipo wengi wetu hukwama. Mzigo usiozidi dola 2,000 za Marekani, uliozalishwa ndani ya Jumuiya na ulio kwenye orodha ya Jumuiya ya bidhaa zinazosamehewa, hausamehewi usipokuwa na karatasi hiyo. Hutolewa na forodha ya Tanzania mpakani, kwa hivyo dalali wa nini? Cheti cha afya ya mimea kitafute kabla ya kupakia; machungwa hayangoji foleni. Mimi hudai risiti kwa kila ninachotozwa.