Je, Thomas wa kwenye hati ya 1638 ndiye babu yetu?

SWALI: Shikamoo mwalimu. Nimeolewa na Mmarekani na mama mkwe kanipa kazi ya kumtafutia babu yao wa kwanza aliyetoka Uingereza kwenda Virginia, wao wanasema alifika 1635 na mfalme akampa ardhi. Nimepekua intaneti nikamkuta Thomas mwenye jina lao la ukoo kwenye orodha ya abiria walioondoka London 1635, umri miaka 21, halafu nikamkuta tena kwenye hati ya ardhi ya 1638 kaunti ya James City. Na kuna mtu ameshaweka mti wa ukoo mzima mpaka ubatizo wake wa 1614. Kazi imeisha? Kama bado niende wapi, maana kila nikiuliza nyaraka za James City naambiwa ziliungua.
Mkamwana, Marekani

JIBU: Marahaba mwanangu, na hongera kwa kufika hapo. Kazi bado. Mpaka sasa una karatasi tatu zenye jina moja ila hakuna hata moja inayosema huyu ndiye yule, na Thomas walikuwa wengi mno zama hizo.

Tuanze na hiyo hati ya ardhi maana ndiyo inayowachanganya wengi. Suala la mfalme kumpa ardhi liweke pembeni kwanza. Virginia tangu 1618 kulikuwa na utaratibu kwamba ukilipa nauli ya mtu kuvuka bahari, iwe nauli yako mwenyewe au ya mwingine, unapata haki ya ekari 50 kwa kila kichwa, na hati ikiandikwa inataja majina ya watu waliosafirishwa. Sasa fungua picha ya hati yenyewe, usiishie kwenye ufupisho, hati ziko Maktaba ya Virginia pale Richmond na picha zake wameziweka mtandaoni bure. Angalia Thomas yuko wapi. Kama ndiye mwenye hati sawa, alikuwa na uwezo. Kama yumo kwenye yale majina ya mwisho basi ardhi ilikwenda kwa aliyemlipia nauli, na yeye Thomas kuna uwezekano mkubwa alikuwa mtumishi wa mkataba, wengi wao walitumikia miaka minne mpaka saba ndio wakaachiwa. Mama mkwe asione aibu, hivyo ndivyo walivyofika Waingereza wengi sana wa Virginia.

Na ule mwaka 1638 usiuandike kuwa ndio mwaka wa kufika. Hizo haki za ekari 50 zilikuwa zinauzwa na kununuliwa, mtu anaweza kukaa nazo miaka ndipo aombe ardhi, na kuna majina yaliyodaiwa mara mbili na watu wawili tofauti kwa abiria yuleyule. Unachoweza kusema kwa uhakika ni kwamba jina hilo lilidaiwa kufikia 1638, basi.

Orodha ya London ya 1635 ni ya kweli kabisa, iko Hifadhi ya Taifa ya Uingereza kule Kew, na mwaka ule peke yake iliandika karibu watu 5,000 waliokuwa wanaelekea makoloni ya Amerika. Inakupa jina, umri, meli na inakoelekea, lakini kijiji alichotoka abiria kwa kawaida haikitaji, na hapo ndipo yule mwenye mti alipojiamulia, katoa 21 kwenye 1635 akapata 1614 akaenda kuokota Thomas yeyote aliyebatizwa mwaka huo. Vitabu vya parokia Uingereza vilianza kwa amri ya 1538 na vingi vimebaki, sasa ukipata ubatizo usifunge kitabu, endelea kwenye kurasa za mazishi za parokia hiyohiyo na za harusi vilevile. Watoto walikufa wengi. Ukikuta Thomas huyo kazikwa ana miaka mitatu, au kaoa kijijini na anabatiza watoto palepale 1640, ujue si wenu, hata kama mti huo umenakiliwa na watu mia.

Kinachofunga kesi mara nyingi ni wosia. Tafuta wosia za Uingereza zilizopitia mahakama ya wosia ya Canterbury, nazo ziko Kew, utafute kaka au mjomba au mama mjane anayeacha kitu kwa ndugu yake aliyeko Virginia. Sentensi moja ya namna hiyo ina nguvu kuliko ubatizo kumi.

Kuhusu moto, ni kweli. Kaunti kadhaa zilipeleka vitabu vyao Richmond wakati wa vita vya wenyewe kwa wenyewe ili viwe salama, na Aprili 3, 1865 mji ukaungua navyo, pamoja na kumbukumbu nyingi za mahakama kuu ya koloni. Inauma sana. Ila vitabu vya hati za ardhi vilipona, na majirani wa James City hawakupoteza vyote: York ina vitabu vya mahakama tangu 1633, na ng'ambo ya ghuba kule Accomack vinaanza 1632. Watu walikuwa wanavuka mipaka kudai madeni na kutoa ushahidi, kwa hiyo msake Thomas kama shahidi au mdaiwa, na majina ya majirani zake yaandike yote.

Wenye babu waliofika kabla ya 1625 wana bahati yao, kuna ile orodha ya kaya iliyoandikwa mwanzoni mwa mwaka huo. Kaya ya Kapteni William Peirce pale Jamestown inaonyesha yeye alikuja na meli Sea Venture, mkewe Joan na meli Blessing, na humohumo ndani yupo mwanamke Mwafrika, Angelo, aliyekuja na meli Treasurer. Hana jina la ukoo wala hana umri, na mimi kila nikiisoma kaya ile nasimama hapo kwake.

Tarehe nazo ziangalie. Mpaka 1752 mwaka wa Kiingereza ulikuwa unaanza Machi 25, hivyo Februari 1634 ya kwenye karatasi kwetu sisi ni Februari 1635, na mtu asipojua anaweza kumzaa mtoto kabla ya harusi ya wazazi wake.

Sasa pa kuanzia. Muache Thomas kwanza, anza kwa mumeo urudi nyuma kizazi kimoja kimoja. Sensa ya Marekani ya 1850 ndiyo ya kwanza kutaja kila mtu huru wa kwenye kaya kwa jina, kabla ya hapo utategemea wosia, kodi na mauzo ya ardhi. Halafu muulize mama mkwe kama wana Biblia ya familia iliyoandikwa vizazi na vifo. Kama ipo piga picha kurasa hizo na ule ukurasa wa mbele wenye mwaka wa kuchapwa, maana Biblia iliyochapwa 1840 ikiwa na vizazi vya 1760 kwa mwandiko mmoja na wino mmoja, ujue kuna mtu alinakili baadaye, na itabidi umuulize alinakili kutoka wapi.