Bei ya haki ni ya gari lipi?

Mhariri,

Swali lenu la wiki hii ni hili: ukiwa yadi na umetajiwa bei ya gari lililotumika, utajuaje kama ni bei ya haki? Wengi watajibu zungukia yadi tatu, linganisha, halafu omba upunguziwe. Ushauri huo umewaponza watu wengi hapa Dar, ndiyo maana nimeshindwa kunyamaza. Ukilinganisha Toyota IST ya 2005 na IST nyingine ya 2005, umelinganisha majina tu. Mwenye bei ni lile gari lililosimama mbele yako, lenye namba yake ya chesisi.

Ipo hesabu ya chini ambayo kila mtu anaweza kuifanya kabla hajatoka nyumbani. Fungua kikokotoo cha magari cha Mamlaka ya Mapato (TRA) mtandaoni, weka aina, modeli, mwaka na ukubwa wa injini. Kitakupa thamani ambayo TRA huitumia, hata kama ankara ya Japani inasema vingine, pamoja na ushuru wake. Gari dogo la abiria lililozidi miaka 10, lenye injini ya cc 1,001 hadi 2,000, linabeba ushuru wa forodha asilimia 25, ushuru wa bidhaa 5, ushuru wa uchakavu 30, kisha VAT 18 juu ya vyote hivyo. Ukizidisha mwenyewe utaona kwamba kwa kila dola 100 za thamani unalipa karibu dola 99 nyingine, bado tozo ndogondogo. Likiwa na miaka 8 hadi 10, uchakavu unashuka kuwa 15. Viwango huguswa kwenye bajeti ya kila Juni, kwa hiyo usitembee na vya mwaka jana. Ongeza gharama za bandari, wakala wa forodha na usajili. Jumla hiyo ndiyo sakafu.

Nilipoanza kuandika nilikusudia kusema kwamba yadi inayoweka zaidi ya milioni moja juu ya sakafu inakuibia. Tuliache hapo kwanza, maana kuna IST mbili zinanisumbua kichwani.

Zilikuwa yadi moja ya Kinondoni, mwaka juzi. Zote rangi ya fedha, zote za 2005, zote injini ya 1.3, zimeegeshwa ubavu kwa ubavu. Moja milioni 14, nyingine milioni 16. Mnunuzi alikuwa mwalimu wa sekondari, mama wa makamo, na dalali aliyemleta alishamwelekeza kwenye ya 14. Ya 14 ilisoma kilomita 68,000, ya 16 ilisoma 121,000. Kwa macho ya kawaida hapo hakuna cha kujadili.

"Mama, hii chuma haijaguswa, imeshuka meli juzi tu," kijana wa yadi akamwambia.

Ilikuwa saa mbili asubuhi, lakini boneti ya ile ya 14 ilikuwa ya moto. Hilo ni jambo la kwanza, na watu hulipuuza. Injini iliyochoka hujisema yenyewe inapowashwa ya baridi: moshi wa bluu kwa sekunde chache, mlio wa cheni ya taimingi, kutetemeka. Ikishapashwa moto kabla hujafika, ushahidi umeondoka. Siku ya kukagua mwambie muuzaji asiliwashe hadi ufike, na ukifika uguse boneti kabla hujasalimia mtu.

Ndani, mpira wa pedali ya breki ulikuwa umelika upande mmoja hadi mistari imefutika. Kilomita 68,000 haziwezi kula mpira hivyo. Kilomita za IST huonyeshwa kidijitali, pale katikati ya dashibodi, na namba zake hurudishwa nyuma kwa kompyuta bila kuacha alama. Pedali, usukani na ubavu wa kiti cha dereva havirudishwi. Mpira mpya kabisa kwenye gari la zamani nao ukutie shaka vilevile.

Swichi ilipofunguliwa bila kuwasha injini, taa zote za dashibodi ziliwaka isipokuwa ya eabegi. Taa hiyo inatakiwa iwake, kisha izime. Isipowaka kabisa, mara nyingi kuna mtu ameinyamazisha. Mashine ya kupima makosa haikutoa kosa hata moja, na hapo wengi hufurahi. Ila majaribio ambayo kompyuta ya gari hujifanyia yenyewe yalionekana hayajakamilika, maana yake kumbukumbu ilifutwa karibuni. Niseme kweli: betri ikifia yadi nayo huleta hali hiyo, kwa hiyo peke yake si ushahidi.

Ushahidi ulikuwa nyuma. Sumaku ndogo iliyofungwa kitambaa ilishika kila bati, lakini ilipofika juu ya tairi la nyuma kulia ikateleza, kwa sababu chini ya rangi palikuwa na filla nene, ile lipu ya kujazia palipobonyea. Zulia la buti likainuliwa, tairi la akiba likatolewa. Bati la sakafu upande wa kulia lilikuwa na mikunjo iliyonyooshwa kwa nyundo, na silanti, gundi ya kuziba maungio, imepakwa kwa kidole, ina mawimbi. Upande wa kushoto ile ya kiwandani ilikuwa imenyooka kama uzi. Gari liligongwa vibaya nyuma, ikafika hadi kwenye sakafu. Karatasi ya mnada, yaani ripoti ya ukaguzi wa gari linapouzwa mnadani Japani, ilipoulizwa, ikawa "imebaki kwa bosi".

Ya milioni 16 ilikuwa na karatasi yake. Wengi hawajui kuisoma kwa sababu ni ya Kijapani, lakini herufi zake ni chache. Daraja huanzia juu 6 na 5, hushuka 4.5, 4, 3.5, 3, na R au RA ni gari lililogongwa likatengenezwa. Hali ya ndani hupewa A hadi E. Kwenye mchoro wa bodi, A ni mchubuko, U ni kubonyea, W ni sehemu iliyonyooshwa, S ni kutu, XX ni kipande kilichobadilishwa, na namba inayofuata ni ukubwa wa kasoro. Gari lile lilikuwa 3.5, ndani C, A2 bampa ya mbele, U1 mlango wa nyuma kushoto. Mwalimu akapitisha kiganja mlangoni na kukikuta kibonyeo palepale kilipochorwa. Kilomita zililingana na hati ya Japani ya kuliruhusu gari kutoka nchini kwao, na namba ya chesisi ikasomwa tarakimu kwa tarakimu kwenye sahani iliyo chini ya boneti. Karatasi ya mnada hughushiwa, kwa hiyo kulinganisha huko si hiari.

Kasoro zilikuwepo. Tairi ziliandikwa 1116, yaani wiki ya 11 ya mwaka 2016. Usukani ulipokatwa hadi mwisho na gari kusogezwa taratibu, jointi ya mbele kulia ikapiga ka-ka-ka-ka. Shokapu za nyuma zilivuja. Gia iliingia R (kurudi nyuma) na D (kwenda mbele) bila kuchelewa wala kugonga, na giaboksi ndiyo kitu ghali. Bei za vipuri zikaulizwa Kariakoo kwa simu: tairi nne, jointi, shokapu mbili na ufundi vikafika kama laki tisa. Orodha hiyo ndiyo iliyowekwa mezani, si maneno ya "nipunguzie kidogo bosi". Yadi ikashuka hadi milioni 15 na laki mbili. Mwalimu akalipa.

Sasa turudi kwenye sakafu. Kwa kipimo changu cha mwanzo, yadi ile ilimwibia mwalimu, maana hata baada ya punguzo bei ilizidi sakafu kwa zaidi ya milioni. Siamini hivyo tena, walau si kwa gari lile. Yadi ilinunua gari lenye historia, ikalipa ushuru wote taslimu kabla ya mteja yeyote kutokea, ikalilaza juani miezi kadhaa, na ikakubali likaguliwe hadi chini ya zulia. Anayenionyesha karatasi namlipa zaidi. Aliyeniibia angekuwa yule wa milioni 14, na bado nisingesema gari lake halina bei. Kwa milioni 11 au 12, akikiri kwamba limegongwa na kilomita hazijulikani, mtu wa safari fupi za mjini angeweza kulichukua bila kuonewa.

Hili lina mipaka. Nazungumzia gari ambalo halijasajiliwa bado. Likiwa na namba tayari, karatasi ya mnada inaeleza gari la miaka iliyopita, si la leo. Hapo angalia kadi iko kwa jina la nani, haishikiliwi na benki kwa mkopo, na haina madeni ya trafiki. Pia kuna injini ambazo sakafu haizitendei haki: Toyota Premio ya 2.0 yenye injini ya D4, inayopuliza petroli moja kwa moja ndani ya silinda, itaonekana bei poa kando ya ile ya 1.8, hadi pampu yake ya mafuta ya presha kubwa itakapodai kubadilishwa.

Na kama umeletwa na dalali, fahamu kuwa cha juu chake kimo ndani ya bei uliyotajiwa. Nenda mwenyewe siku ya pili, uliza upya, na taka iandikwe kama bei hiyo ni pamoja na usajili na bima au ni ya gari tupu.