Fomu inauliza kazi yangu, niandike nini?

SWALI: Nauza viatu vya mitumba. Fomu ya mkopo inataka kazi, mwajiri na kipato cha mwezi. Nijazeje?

JIBU: Usiandike "biashara" tupu, haimwelezi afisa wa mikopo chochote. Andika "muuzaji wa rejareja wa viatu vya mitumba", na mwaka ulioanza. Kwenye mwajiri andika "nimejiajiri"; pengo huzua maswali.

Kwenye kipato ndipo wengi wanapoharibu: wanaandika mauzo. Ukiuza kwa 100, mzigo ukawa 65, pango na usafiri 15, kipato chako ni 20 tu. Chukua daftari la miezi 6, jumlisha faida, gawa kwa 6, ili mwezi mmoja wa msimu usikudanganye. Jina la biashara nalo lifanane na la kwenye leseni, herufi kwa herufi.