Ushauri kwa makatibu wapya wa parokia: ujue kwanza uaskofu

Ndugu unayeanza ukatibu wa parokia huku kwetu Malindi, kabla ya kompyuta na vitabu vya ubatizo, uelewe uaskofu. Askofu ni mwangalizi. Matendo 20:28 inawaita hivyo. Kwa Wabaptisti ushirika huamua mambo yake wenyewe, kwa Wapresbiteri ni mabaraza ya wazee. Sisi Wakatoliki, jimbo zima, kuanzia Malindi hadi Tana River na Lamu, lina mwangalizi mmoja, na paroko, yaani padre anayeongoza parokia, hutumikia chini yake.

Utaliona hilo kwenye ndoa. Hapa pwani binti Mkatoliki kuposwa na kijana Mwislamu si ajabu. Watakuja ofisini na tarehe mkononi, pengine na ukumbi wameshalipia. Paroko, hata awe na huruma kiasi gani, kwa kawaida hana uwezo wa kuondoa kizuizi cha tofauti ya dini. Faili iende kwa askofu au makamu wake, irudi na sahihi na muhuri. Bila hiyo, ndoa ni batili. Mchumba akiwa Mwanglikana aliyebatizwa, kinachotakiwa ni ruhusa, nayo hutoka jimboni vilevile. Basi usimwandikie mtu tarehe kwenye kitabu kabla jibu halijafika. Mlioko Lamu ndio zaidi: bahasha inavuka kwa boti hadi Mokowe, halafu ipande basi lipitalo Garsen. Tumeni mapema, jamani, maharusi wasije wakalia siku ya mwisho.

Jingine ni kiti kuwa wazi, yaani jimbo kubaki bila askofu. Askofu wetu Emanuel Barbara alifariki Januari 2018. Mrithi wake, Willybard Lagho, aliteuliwa Desemba 2020. Wengi hudhani askofu akifa makamu wake anaendelea. La hasha. Madaraka ya makamu hukoma papo hapo, na jimbo hushikwa na msimamizi. Msimamizi aliyechaguliwa na mapadre washauri hutoa ruhusa za ndoa, ila haanzishi mageuzi, na paroko mpya hamteui mpaka kiti kikae wazi mwaka mzima. Kwa hiyo siku hiyohiyo badilisha cheo kwenye barua zako zote. Na ukipokea ruhusa yenye sahihi ya makamu, tarehe yake ikiwa baada ya msiba, usiiweke kwenye faili. Mpelekee paroko mkononi, aombe nyingine kwa msimamizi.