Jibu: Mauzo yamerudi ila pesa haionekani, nimrudishe fundi?

Habari mkuu. Nimekuelewa hivi: tangu watalii warudi, oda za sare za hoteli zimeongezeka, ila droo bado tupu, na hujui kama umrudishe fundi uliyempunguza mwaka 2020.

Kabla ya yote fungua daftari la madeni. Nami nashona hapa Moshi. Hoteli hulipa baada ya mwezi au zaidi, wakati mwenye duka la vitambaa anataka taslimu. Kadiri oda zinavyopanda ndivyo mfuko unavyokauka. Dai malipo ya awali yanayotosha kitambaa na vifungo. Anayekataa mwache aende, huyo unamkopesha bure.

Fundi mrudishe kwanza kwa malipo ya kila kipande. Aprili na Mei, mvua zikikolea, wageni hupungua. Kazi ikiwa bado ipo hapo, mpe mshahara. Ila NSSF (mfuko wa hifadhi ya jamii) ihesabu mapema: mchango ni asilimia 20 ya mshahara, na huruhusiwi kumkata yeye zaidi ya nusu ya mchango huo. Wengi huisahau hiyo.

Mikopo ya halmashauri, ile inayotokana na asilimia 10 ya mapato yake ya ndani, inalenga vikundi vya wanawake, vijana na wenye ulemavu. Hukusema kama uko kwenye kikundi.